Kivuli kilichozama Kusini

Kuna tarehe moja ambayo sikuwahi kuisikia katika somo la historia, tangu darasa la tatu hadi chuo kikuu: Alhamisi, 29 Mei 1919. Waulize wanafizikia wa Ulaya na Marekani, watakusimulia mpaka uchoke. Watakutajia kisiwa cha Principe, mji wa Sobral kule Brazil, Mwingereza Arthur Eddington na Mjerumani Albert Einstein. Watakuambia hiyo ndiyo siku binadamu alipopima kwa mara ya kwanza jinsi nuru ya nyota inavyopinda ikipita karibu na jua.

Wanachosahau kukuambia ni kwamba kivuli cha mwezi kilichowezesha kipimo hicho hakikuishia Principe. Kiliingia bara, kikakata Gabon na Kongo, kikavuka Ziwa Tanganyika, kikapita kusini mwa nchi hii na kaskazini mwa Msumbiji, na huko jua likazama nacho. Onyesho lililoanza Amerika ya Kusini asubuhi lilimalizikia kwetu jioni. Sisi tulikuwa viti vya mwisho, lakini ukumbini tulikuwamo.

Watu wa Dar ukiwatajia Nachingwea wanakumbuka mambo mawili. La kwanza ni karanga. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza waliamua kulima karanga kwa matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuzibebea, kisha Januari 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Reli yenyewe ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mataruma yakang'olewa. La pili ni Farm 17, kambi ambayo wapiganaji wa FRELIMO walifundishwa kabla ya kuvuka Ruvuma. Ukiwatajia Ruangwa watasema Namungo FC, madini ya kinywe, na jimbo la Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa kuanzia 2015 hadi 2025. Basi. Anga haimo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Niliwahi kulitoa wazo la habari hii katika chumba kimoja cha habari. Nikaulizwa: "Amesema nani?" Nikajibu hakuna aliyesema, ilitokea. Nikaambiwa nitafute mbunge aiseme kwanza. Kwa hiyo naiandika hapa, ambako hatuhitaji mbunge.

Hebu turudi nyuma kidogo, mwaka 1917. Mwezi Machi mwaka huo Frank Dyson, mkuu wa wanajimu wa serikali ya Uingereza, alichapisha maelezo mafupi akisema kupatwa kwa jua kwa Mei 1919 kutakuwa nafasi ya pekee. Siku hiyo jua lingekuwa limesimama mbele ya kundi la nyota zinazong'aa sana, linaloitwa Hyades. Kama Einstein alikuwa sahihi kwamba kitu kizito hupinda nuru, basi nyota hizo zingeonekana zimesogea kidogo kutoka mahali pake pa kawaida. Na kwa kuwa nyota za karibu na jua huonekana jua likifunikwa tu, hakukuwa na njia nyingine. Kupatwa kwenyewe kulikuwa kwa muda mrefu ajabu. Katikati ya Atlantiki giza lingefikia dakika 6 na sekunde 51.

Sasa weka hesabu hizo pembeni uangalie Lindi mwaka huohuo. Oktoba 1917, kuanzia tarehe 15 hadi 18, watu walichinjana Mahiwa, karibu na Nyangao. Upande wa Waingereza kulikuwa na askari wa Nigeria na wa King's African Rifles, upande wa Wajerumani askari wa Lettow-Vorbeck, wengi wao Waafrika vilevile. Waingereza peke yao walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Mwezi huohuo maghala ya chakula ya Wajerumani ya Ruponda, katika wilaya ya leo ya Nachingwea, yalitekwa. Novemba Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na nyuma yake akaacha nchi iliyokombwa. Kila jeshi lililopita lilikula mihogo na mtama wa watu na kuwabeba vijana kuwa wapagazi. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliitwa Carrier Corps, na ndiko lilikotoka jina la Kariakoo unayoijua wewe. Mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua makali ulioizunguka dunia nzima, nao ukawakuta watu wamedhoofika.

Kwa hiyo Mwingereza na Mjerumani walikuwa wanauana huku Kusini kwa mikono ya Waafrika, na wakati huohuo Waingereza wachache London walikuwa wanapanga safari ya kwenda kuthibitisha kama Mjerumani mmoja yuko sahihi. Eddington mwenyewe alikuwa Mkweka, muumini wa madhehebu yanayokataa vita, na nusura apelekwe kwenye kazi za lazima kama wenzake waliogoma kupigana. Dyson ndiye aliyemwombea msamaha, na sharti mojawapo likawa kwamba aiongoze safari ya kupima nuru. Wajerumani wenyewe walishajaribu mapema. Mwaka 1914 Erwin Freundlich wa Berlin alikwenda Crimea na darubini zake kungoja kupatwa kwa jua kwa Agosti, vita ikaanza, Warusi wakamkamata na vyombo vikazuiliwa.

Watu wengi hawajui kwamba Ziwa Tanganyika lilikuwa kwenye orodha ya mahali pa kupeleka darubini. Arthur Hinks ndiye aliyefanya uchunguzi wa njia nzima ya kivuli, kutoka Brazil hadi Afrika ya Mashariki, akatazama hali ya hewa na namna ya kufika. Ripoti iliyochapishwa 1920 na Dyson, Eddington na Davidson inautaja upande wa magharibi wa ziwa hilo kuwa mmoja wa mahali palipofikiriwa. Mwishowe walichagua Sobral na Principe.

Kwa nini siyo huku? Rahisi kusema ni dharau ya mkoloni, nami najua wapo watakaotaka niseme hivyo. Lakini hapa fizikia nayo ina hoja yake. Kivuli kilipofika Ziwa Tanganyika jioni ilikuwa imekaribia, na jua lilikuwa limeshuka. Kilipofika usawa wa Nachingwea, jua lilikuwa karibu kugusa upeo. Na hewa yetu inapinda nuru, kama maji yanavyoupinda mti uliochomekwa mtoni. Kitu kikiwa utosini hewa haikipindi, kikiwa kwenye upeo inakipinda kwa zaidi ya nusu nyuzi. Einstein alikuwa anatafuta mpindo wa sekunde 1.75. Chukua nyuzi moja, igawe vipande 3,600, kila kipande ndiyo sekunde moja. Ni sawa na kuitazama sarafu yenye upana wa sentimita mbili na nusu ikiwa umbali wa kilomita tatu. Hewa ya kwenye upeo ingekipinda kitu mara elfu moja zaidi ya hapo. Kuipima nuru ya Einstein kutokea Ruangwa jioni ile ni sawa na kutafuta mnong'ono katikati ya ngoma ya sindimba.

Mahali pengine pa kivuli hakukuwa peponi. Principe ilikuwa kisiwa cha mashamba ya kakao ya Wareno, na Eddington na mwenzake Cottingham walifunga vyombo vyao katika shamba la Sundy. Ndiyo kakao ileile iliyokuwa imeleta kashfa miaka kumi hivi nyuma, 1909, kampuni ya Cadbury ilipoacha kuinunua kwa sababu vibarua waliotolewa Angola walikuwa watumwa kwa kila kitu isipokuwa jina. Asubuhi ya tarehe 29 ilinyesha mvua ya radi. Mawingu yalianza kuachana dakika za mwisho. Kati ya picha 16 walizopiga ni mbili tu zilizofaa, zenye nyota tano kila moja. Huko Sobral, Crommelin na Davidson walikuwa na mbingu safi, na darubini yao ndogo ikawapa picha saba nzuri.

Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919. Hesabu za kale za Newton zilitaka mpindo wa sekunde 0.87. Einstein alitaka 1.75. Darubini ndogo ya Sobral ilitoa 1.98, Principe ikatoa 1.61. Ilikuwapo darubini ya tatu, kubwa, nayo ilitoa 0.93, karibu kabisa na Newton, lakini waliiweka kando wakisema joto la jua lilikuwa limeharibu kioo chake na picha zimetoka na ukungu. Wapo waliosema baadaye kwamba Eddington alichagua majibu aliyoyapenda. Mimi nadhani walikuwa na sababu, kwa maana 1979 picha zilezile zilipimwa upya kwa mashine za kisasa na ile darubini ya tatu ikatoa 1.55. Lakini ni vizuri kujua kwamba hata ushindi huu unaoimbwa ulikuwa na mabishano yake.

Nimesema mengi kuhusu wazungu na vyombo vyao. Je, watu wa Nachingwea na Ruangwa jioni ile?

Mwezi ulianza kuligusa jua kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Kadiri jua lilivyoshuka ndivyo lilivyozidi kuliwa, na likatua likiwa bado limeliwa. Mei ni mwisho wa mvua Kusini, mbingu huanza kuwa nyeupe, mtama uko shambani. Fikiria mtu aliyenusurika vita, njaa na mafua, anarudi kutoka shambani, anaona kivuli chake kinafifia kabla ya wakati, kisha anageuka kutazama magharibi na kukuta jua lina umbo la mundu. Nchi yenyewe ilikuwa haina hata jina. Mwezi huohuo wa Mei wakubwa waliokutana Paris walikuwa wameamua kwamba koloni hili la Mjerumani apewe Mwingereza, na jina la Tanganyika lilikuja mwaka uliofuata, 1920.

Kuna jambo jingine ambalo nililigundua nikiwa nafanya hesabu za kalenda, na nakiri lilinifanya niache kalamu kwa muda. Jua hupatwa siku ya mwezi kuandama tu, pale mwezi mpya unapopita katikati yetu na jua. Sasa, tarehe 29 Mei 1919 ilikuwa mwisho wa Shaabani 1337, mwezi wa Mlisho kama wasemavyo watu wa Pwani. Uislamu ulikuwa umeshaingia bara ya Lindi kwa njia za biashara, kwa Wayao na kwa Wamwera. Waislamu wa Kusini wiki ile walikuwa wanautafuta mwezi wa Ramadhani. Na mwezi huo waliokuwa wanaungoja ndio uleule uliokuja kusimama mbele ya jua. Walikuwa wanautazama mwezi wa Ramadhani bila kujua ndio huo, mweusi, unaokula jua. Kwa aliyesoma, kulikuwa na swala ya kupatwa kwa jua. Na kulikuwa na mafundisho ya tangu mwaka 632, pale jua lilipopatwa siku aliyofariki mtoto wa Mtume, Ibrahim, watu wakaanza kuunganisha mambo hayo mawili, naye Mtume akawakataza, akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo cha mtu yeyote. Mwanasayansi asingeweza kusema vizuri zaidi.

Sasa tuje kwenye kilichozaliwa na kipimo kile, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Kama jua linapinda nuru, basi kitu kizito zaidi kinaweza kuikusanya nuru kama lenzi. Ukitaka kuelewa, chukua chupa tupu ya soda, itazame koroboi kupitia kitako cha chupa. Ukiwa umelenga sawasawa, mwali mmoja unakuwa pete. Ukisogea kidogo, pete inakatika na kuwa vipande viwili vilivyopinda, au mwali unaonekana mara mbili. Kitako cha chupa kimeumbwa hivyo na kiwandani. Mbinguni kazi hiyo hufanywa na uzito.

Mwaka 1936 mhandisi mpenda sayansi aliyeitwa Rudi Mandl alimsumbua Einstein mpaka akakubali kuandika karatasi fupi juu ya nyota kuwa lenzi ya nyota nyingine. Einstein aliiandika kwa shingo upande, akasema hakuna matumaini makubwa ya kuliona jambo hilo kwa macho. Mwaka uliofuata Fritz Zwicky, mtu mkali wa maneno aliyekuwa California, alisema msihangaike na nyota moja moja, tazameni galaksi nzima. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na yetu ndiyo ile njia nyeupe unayoiona usiku Ruangwa umeme ukikatika. Huyu Zwicky 1933 alikuwa ameshapima mwendo wa galaksi katika kundi liitwalo Coma, akakuta zinakwenda mbio mno. Uzito wa vitu vinavyoonekana usingeweza kuzishikilia pamoja. Lazima kuna maada isiyoonekana, na ni nyingi.

Akaachwa asubiri. Ilichukua hadi 1979 ndipo Walsh, Carswell na Weymann walipokuta vitu viwili pacha angani, vinavyofanana kila kitu. Kumbe ni kitu kimoja, kiini cha galaksi ya mbali sana, na mbele yake kuna galaksi nyingine inayoipinda nuru yake ikaja kwa njia mbili. Njia hizo hazilingani urefu. Kitu kikitokea, tunakiona kwenye pacha mmoja, halafu tunangoja siku 417 tukione kwa pacha wa pili. Ni kama kutuma barua mbili kutoka Nachingwea kwenda Dar kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, moja ipite Kibiti ingoje kivuko cha Rufiji, nyingine izunguke Songea na Njombe. Habari ni ileile, ila moja inafika ikiwa imechakaa.

Mwaka 1964 Mnorwei Sjur Refsdal alishasema kwamba ukipima tofauti hiyo ya muda unaweza kujua kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Jina lake likapewa nyota iliyolipuka, iliyoonekana Novemba 2014 mara nne kwa mpigo nyuma ya kundi la galaksi. Wanasayansi wakapiga hesabu, wakasema kuna barua ya tano bado iko njiani, itafika karibu na mwisho wa 2015. Desemba 2015 ikafika. Mimi sijui unabii mwingine wa siku hizi uliotimia kwa uzuri huo, na tuna manabii wengi.

Makundi ya galaksi ndiyo lenzi kubwa kuliko zote, na katika kuyajua, Afrika ya Mashariki ina mkono wake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilibeba chombo cha kwanza kabisa kilichotengenezwa kwa kazi moja, kuichunguza mbingu kwa eksirei. Kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Chombo hicho ndicho kilichoonyesha kwamba makundi ya galaksi, likiwamo Coma la Zwicky, yamejaa gesi ya moto mkali inayotoa eksirei. Gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za kundi, na bado haitoshi. Hapo ndipo lenzi ilipokuja kuwa mzani. Angalia galaksi za nyuma zimepinda kiasi gani, utajua kundi la mbele lina uzito gani, pamoja na usioonekana. Mwaka 2006 watafiti walilitazama kundi moja lililotokana na makundi mawili kugongana, wakakuta gesi imebaki katikati lakini uzito unaopinda nuru umepita pembeni. Zwicky alikuwa sahihi, ingawa alishafariki 1974. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ya Uhuru alipata Nobeli 2002. Sisi tulipata neno letu kwenye vitabu vya fizikia, na nina hakika nusu ya wanaolisoma hawajui maana yake.

Lenzi ina faida nyingine, inakuza. Tarehe 11 Julai 2022 Marekani ilipotoa picha ya kwanza ya darubini ya James Webb, walikuwa wameielekeza kwenye kundi la galaksi liitwalo SMACS 0723. Nuru yake ilisafiri zaidi ya miaka bilioni 4. Lakini uhondo ulikuwa nyuma yake, vipande vyekundu vilivyopinda kama kucha, galaksi za zamani sana ambazo bila lenzi hiyo tusingeziona vizuri. Mwaka huohuo darubini ya Hubble ilikuwa imeshaonyesha nyota moja, Earendel, ambayo nuru yake imesafiri miaka bilioni 12.9. Nyota moja! Darubini peke yake isingeweza. Ni kundi la galaksi la katikati lililoikuza maelfu ya mara.

Na sasa sikiliza hili, wewe unayedhani Kusini ni mwisho wa dunia. SMACS 0723 iko kwenye anga ya kusini. Mtu wa London hawezi kamwe kuelekeza darubini huko, maana sehemu hiyo haipandi juu ya upeo wake hata siku moja ya mwaka. Nachingwea inapanda. Ukisimama ukaelekea Ruvuma, inapita hapo mbele yako, ingawa kwa macho huioni. Unachoweza kukiona kwa macho, miezi ya Desemba hadi Machi, ni vijiwingu viwili vyeupe visivyotembea na upepo. Kile kikubwa ni galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa miaka ya nuru 160,000. Mwaka 1993 vikundi viwili vya watafiti, kimoja cha Marekani na Australia, kingine cha Ufaransa, vilitangaza kwamba nyota za galaksi hiyo ziliwaka ghafla na kufifia kwa mpangilio, kwa sababu kitu kisichoonekana kilipita mbele yao kikawa lenzi. Einstein alisema haitaonekana. Ilionekana, na ilibidi wautazame upande wetu wa mbingu.

Afrika Kusini waliijua thamani hiyo mapema. Wana darubini ya SALT tangu 2005, na MeerKAT ya sahani 64 iliyozinduliwa 2018. Mradi mkubwa wa SKA unaojengwa huko na Australia una nchi nane shirika za Afrika: Botswana, Ghana, Kenya, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Isome tena orodha hiyo. Kenya imo, Zambia imo, Msumbiji imo. Msumbiji ambayo wapiganaji wake tuliwalisha pale Farm 17. Sisi hatumo. Ghana walichukua sahani kuukuu ya mawasiliano ya simu pale Kuntunse, wakaigeuza darubini, 2017 ikazinduliwa. Hawakungoja utajiri. Vijana wa Zambia na Msumbiji wanapata mafunzo ya kuchambua nuru ya galaksi, wa kwetu mwenye kipaji cha hesabu pale Ruangwa anaambiwa asome uhasibu. Sina ugomvi na wahasibu.

Wala siyo kwamba watu hawapendi. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kipete, watu walifurika Rujewa, Mbarali, wakiwa na miwani maalumu, wanafunzi, wakulima na watalii, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria akawa anaeleza mpaka sauti ikakauka. Njia ya kipete ile nayo ilikuja kutoka Gabon na Kongo, ikakata kusini mwetu, ikaingia Msumbiji. Kama vile mbingu inazijua barabara zake.

Na kwa kweli inazijua. Kupatwa kwa jua kuna ukoo. Kila baada ya miaka 18 na siku 11 hivi, ndugu wa ukoo mmoja hurudi, lakini sehemu nyingine ya dunia. Ukihesabu mara tatu, miaka 54 na mwezi na ushei, anarudi upande uleule. Ndugu wa ile ya 1919 alirudi 30 Juni 1973. Alikata Sahara, akapita Kenya penye Ziwa Turkana, ambako wanasayansi walipiga kambi Loiyangalani. Upande wa pili wa bara, Mauritania, timu ya Marekani ilirudia kipimo cha Eddington, ikapata jibu lilelile la Einstein. Ongeza tena miaka 54 na mwezi, utaipata tarehe 2 Agosti 2027. Safari hiyo kivuli kinatua Morocco, kinapita Misri, Makka na Yemen, kinagusa ncha ya Somalia na kuishia Bahari ya Hindi. Ni mtoto wa mtoto wa jioni ile ya Nachingwea.

Haya yote niliyaeleza kwa mzee mmoja wa Ruangwa, barazani kwake, baada ya shikamoo na habari za korosho. Yeye hakuwa amezaliwa 1919, ila babu yake alikuwa mpagazi wa vita ile na alirudi na kovu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kuhusu Einstein, kuhusu pacha wa siku 417, kuhusu chupa ya soda. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, na huo mwezi, waliuona lini?"

Nikamwambia siku iliyofuata, Ijumaa jioni, mwezi ulikuwa umeshalipita jua kwa siku moja na kidogo, unatosha kuonekana mbingu ikiwa safi. Ramadhani iliingia Jumamosi, tarehe 31.